Pembe za Ng'ombe wa Luka

Baba Neema, mume wangu,

Ungekuwa hai leo ningekununia wiki nzima. Kwa kuwa hupo, nakuandikia, maana haya siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unaukumbuka msalaba wa maandamano, ule wa shaba iliyopakwa dhahabu, ambao wazee wa parokia yetu hapa mtaani Black Rock, huku ughaibuni, waliuleta kutoka Ulaya? Utausahau vipi! Kila Jumamosi uliufuta kwa kitambaa laini, ukiniita nije nione vile vibamba vinne kwenye ncha zake: malaika, simba, tai na ng'ombe. Uliniambia rangi yake ni kioo kilichoyeyushwa kwa moto, ndugu ya rangi ya vikombe vyetu vya bati kule kambi ya wakimbizi Tanzania. Nikakujibu, "Basi usiugonge, maana vile vikombe vyote ulivibandua rangi wewe kwa kuvigonga."

Ng'ombe ndiye aliyekusumbua. Mnyama wa Mwinjili Luka, ana mabawa, amesimama kwenye rangi ya buluu. "Huyu si ng'ombe, Mama Neema. Huyu ni mbuzi aliyeonewa." Mabawa hayakukushangaza, pembe ndizo zilikuchoma moyo. Kisha siku moja nikakukuta sakristia, chumba cha vyombo vya kanisa, una kijiti cha meno, na ile chupa ya rangi nyeupe ya kucha aliyoisahau binti yako alipokuja kututembelea kutoka Louisville.

"Unafanya nini, we mzee?"

"Pembe zimebanduka. Naziba tu."

Ulipomaliza, ng'ombe wa Luka alikuwa na pembe ndefu zilizopinda juu hadi kwenye mabawa, kama ng'ombe wa baba yako Burundi. Nikakuambia hicho ni chombo cha kanisa. Ukasema ndiyo maana umekitengeneza. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Sasa sikia. Miezi mitatu baada ya kukuzika, padri alituma picha kwa mtaalamu wa vyombo vya kale huko Columbus. Akajibu kwamba msalaba una zaidi ya miaka mia tano, na kwamba pembe zile hajaziona popote; huenda fundi wake aliwahi kuona ng'ombe wa Afrika. Atakuja kuandika ripoti. Padri akatutangazia misani kwa furaha. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nilimpigia Neema. Akacheka mpaka akalia. "Mama, please, waambie tu."

Rahisi kwake. Nikinyamaza, pembe zako zinabaki, zinaandikwa kitabuni, zinatembea mbele ya watu kila Jumapili. Nikisema, zinafutwa, nazo ni kazi ya mwisho ya mkono wako. Siku tatu nilizunguka nyumbani nikikugombeza kwa sauti, huku nikipika chakula cha mtu mmoja. Wewe uliyemfukuza Neema mezani alipokuwa mtoto, kwa kudanganya kwamba hakulamba sukari, leo unataka mimi nidanganye kanisani?

Siku mtaalamu alipofika, nilisema yote mbele yake na padri. Mtaalamu, mama mpole mwenye miwani, hakukasirika. Alilowesha pamba, akapangusa mara mbili, pembe zikaondoka. Chini yake kulikuwa na pembe nyingine, fupi, nzima kabisa, hata ufa hazina.

Hazikuwa zimebanduka, Baba Neema! Muda wote huo nimebeba siri ya matengenezo yako, kumbe hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Hukuzipenda tu.

Alitaka kuitupa ile pamba. Nikamwambia anipe. Akauliza ya nini, nikasema ni ya mume wangu. Iko kwenye droo ya vijiko, imekauka, bado inanuka ile dawa ya kutolea rangi. Kila nikitafuta kijiko naiona, nakasirika upya, na kuitupa siwezi.

Pumzika, mzee wangu. Na huko uliko, tafadhali, usiguse kitu cha mtu.

Mkeo,
Mama Neema