Jibu Nililokunyima Kichanjani

Baba,

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeanza na hizo. Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua akipanda kwenda kanisani. Kahawa imechumwa yote. Juzi walikuja wazee wawili kutoka Mbebe, hawakuwa na habari. Walitaka uwe mshenga wa kijana wao. Mama akawapa chai, kisha akawaambia. Wakaomba tusali.

Mimi nimekuja wiki mbili kutoka chuoni, na kuna jambo linanikaa rohoni.

Unakumbuka ile Jumamosi tukichambua kahawa kichanjani, wewe unatoa punje mbovu bila hata kuangalia? Uliniuliza, "Mama, hizo protini mnazoziunga huko, mnaziunga na nini? Gundi?" Nikakujibu, "Baba, ni kemia ndefu, hutaelewa." Ukasema, "Haya," ukaendelea na punje zako. Hukukasirika, na ndiyo maana inaniuma. Hukuniuliza tena, na masika yalipoisha hukuwepo.

Jibu lenyewe ni hili. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Hii ninayoishughulikia ni ndefu mno, maelekezo ya kuitengeneza hayaenei kwenye chombo kimoja cha kuyapeleka ndani ya seli. Kwa hiyo tunayapeleka nusu nusu, na kila nusu ya protini inatengenezwa peke yake. Mwisho wa nusu ya kwanza tunaweka kipande cha ziada, na mwanzo wa nusu ya pili tunaweka kingine. Vipande hivyo viwili ndiyo inteini iliyogawanyika. Kimoja kikiwa peke yake hakifanyi kitu. Vikikutana vinashikana, vinajikunja pamoja, vinakuwa kitu kimoja, na hapo kazi inaanza.

Kiungo kati ya nusu ya kwanza na inteini kinahamia kwenye chembe ya salfa, na kiungo cha namna hiyo hubanduka kirahisi. Kisha nusu ya pili inaivuta ile ya kwanza kwake. Kwa muda mfupi mnyororo unakuwa na tawi: nusu mbili zimeshikana, na inteini bado inaning'inia kwenye ile ya pili. Halafu asidi amino ya mwisho ya inteini inajikunja na kujikata. Inteini inaondoka, vipande vyake viwili vikiwa bado vimeshikana. Kiungo kilichobaki kinajipanga upya, kinakuwa cha kawaida kama vingine vyote mnyororoni. Hakuna gundi, Baba. Hata kimeng'enya cha kutoka nje hakuna.

Haya nilimweleza Mama juzi, wale wazee walipoondoka. Aliniuliza tu huko chuoni nashinda nikifanya nini, na ulimi wangu ukataka kusema lile lile nililokwambia wewe. Nikauzuia. Nikakaa naye jikoni, nikaanza mwanzo. Nilipofika pale inteini inapojikata, Mama, aliyeishia darasa la nne, akanikatiza: "Si washenga hao? Kila upande una wake. Wakishawaunganisha watoto, wanaondoka. Baba yako ndivyo alivyokuwa."

Kila harusi uliyoishughulikia uliondoka kabla ya chakula, wewe na mshenga wa upande wa pili, mmepakizana pikipiki moja. Sisi watoto tuliokusubiri nyumbani tulinuna, maana tulijua pilau imetupita. Ulisema mshenga akionja pilau ya harusi, kesho atataka na ugali wa wanandoa. Mimi nilidhani ni maringo.

Ungeelewa, Baba. Ungeelewa kabla sijamaliza. Nakujua, ungeuliza pia kama washenga wa harusi mbili hawawezi kuchanganyana, mmoja akamshika asiye wake. Nami ningekwambia kwamba hiyo ndiyo shida yetu: tukitumia jozi mbili kwa pamoja, lazima tuchague zile zisizotambuana. Tungelibishania hilo mpaka kahawa iishe. Mazungumzo hayo niliyaua mwenyewe kwa neno moja, na ndiyo ninayoyalilia kuliko hata siku ya mazishi.

Kesho asubuhi naondoka. Nitapita hapo ulipolala, ila hii sitaisoma kwa sauti. Majirani watasema masomo yamenizidi. Nakuahidi kitu kimoja. Yeyote atakayeniuliza kazi yangu, awe mwanafunzi au mchuma kahawa, nitakaa chini nimweleze, na sitamwambia kwamba hataelewa. Nilikuwa na baba ambaye angeelewa, nikamnyima nafasi.

Pumzika, Baba. Nisamehe.

Binti yako,
Atupele