Yaya, Majina Yamesomeka

Yaya Riziki, mukubwa wangu,

Wamekubali. Nimetaka neno hilo likufikie mbele ya salamu, maana njo neno ulilongojea, na halikukukuta.

Lile kosa ulilolifukuza miezi yote ile limetengenezwa. Wale watu wa mbali wanaotunza lugha ya kuandikia programu, ambao hatujawahi kuona sura zao, wameingiza kazi yako ndani ya lugha yenyewe. Muntu yeyote anayeitumia sasa, Goma ao upande mwingine wa dunia, anatumia kitu kilichoanzia hapa Walikale, mu buro ndogo ya paruwasi, ofisi ya kanisa, chini ya ile paneli ya sola uliyokuwa unapanda mwenyewe kuifuta. Leo ni Jumamosi mchana. Mvua inapiga mabati, Mama amejilaza. Mimi niko hapa nyumbani, kwenye kiti chako.

Nakumbuka namna ulivyoanza. Tulikuwa tumekimbia kwetu, hatujazoea hata kuamka bila kuona vilima vya Masisi. Ulimuambia Padri kwamba watu wamekimbia kila mutu na njia yake, na ordinatere, ile kompyuta ya paruwasi, inaweza kusaidia. Muntu wa Goma ao Rubaya atume barua pepe kwetu, aandike juu yake jina la anayemutafuta na kijiji. Programu yako isome jina, ilitafute mu liste ya majina ambayo makatekista wameandika kila kijiji, na mimi nitoe barua kwenye karatasi, muntu anayeelekea kule aipeleke. Mama alikuuliza, "Sasa wewe ulisoma ile miaka yote Goma kwa sababu ya kubeba barua?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Halafu majina yakaanza kuharibika. Sikuelewa siku ile, mpaka ulipochukua karatasi ukaandika Thérèse, ukaipasua katikati ya ile è. Ukasema, "Angalia, Sifa. Jina na kijiji vikiwa virefu, simu inavikata vipande. Simu zingine zinakata mupaka ndani ya herufi. Maktaba ya barua pepe, ile iliyo ndani ya lugha ya programu, inasoma kila kipande peke yake, na kwa kila kipande inaona nusu ya herufi, haiijui, inaweka alama ya kuuliza." Nikakuuliza kwa nini unaita maktaba kitu ambacho hakina hata kitabu kimoja. Ukasema ni kazi ambayo wengine wamekwisha kuifanya, wakaiweka pahali kila muntu achukue. Halafu ukaunganisha vile vipande viwili juu ya meza. "Unganisha kwanza, njo usome. Ni ile tu."

Haikuwa ile tu. Barua zenye majina yaliyoharibika zilikuwa zinaingia mu sanduku la wasiojulikana, na sanduku likajaa. Tukajaribu kukisia kwa macho. Unakumbuka yule mama wa Hombo? Tulimupelekea barua ya Thérèse mwingine. Alipiga magoti pale barazani akimushukuru Mungu kwa ajili ya mutoto ambaye hakuwa wake. Ni wewe uliyerudi kumuambia. Ulipofika nyumbani hukugusa bugali, na tangu hapo ulikataza kukisia. Hata dawa yako mwenyewe ya lile kosa hukutaka kuiweka mu ordinatere yetu kabla wale wenye kujua hawajaiangalia, maana ulikuwa umeona ikichanganya herufi za majina mengine.

Ukawaandikia wale watu wa mbali. Muzee mumoja kati yao akajibu kwamba sheria ya barua pepe inakataza kukata herufi katikati. Kosa ni la simu, si la maktaba. Ulikasirika! Ulizunguka buro ukisema peke yako. Kisha ukakaa, ukamujibu kwa heshima, na ukanisomea: mama anayetafuta mutoto wake hana uwezo wa kutengeneza simu yake, lakini sisi tuko na uwezo wa kusoma inachotuma. Ukatuma. Juma lile njo homa ilikushika.

Sitaandika mengi juu ya njia ile ya hospitali. Unaijua. Pikipiki hazikuweza kupita, wanaume wa paruwasi wakakubeba juu ya tipoyi, ile machela ya miti, mimi pembeni, Mama nyuma. Tumbo lako lilikuwa gumu kama ubao. Watu wanataka niwaambie neno lako la mwisho, wanangojea kitu kikubwa. Ulisema tu jua ni kali. Nikakufunika uso na kitenge yangu. Tulipofika kwenye mutelemuko wa mwisho, pale unapoanza kuona paa la hospitali, Mama akasema, "Simamisheni." Alijua kabla yangu. Nilikuwa bado ninashika ile kitenge isianguke.

Yaya, ilikuwa karibu sana.

Nilipofungua buro tena, kilio chako kilipokwisha, jibu la yule muzee lilikuwa linangojea. "Riziki, nimefikiri tena, uko na haki. Unaweza kuongeza majaribio, ili tuone kama haiharibu kitu kingine?" Alikuandikia wewe. Alikuuliza wewe. Nilizima ordinatere nikaenda kuchota maji, na maji yalikuwamo.

Ilipita muda, nikamujibu: aliyeandika amekufa, mimi ni mudogo wake, najua kidogo, nitajaribu. Akajibu kwa maneno machache, kwamba anasikitika, na nichukue wakati wote ninaotaka. Baadaye nikaona wenzake wameandika chini yake, mumoja mumoja, kila mutu na pole yake. Nilimusomea Mama. Akauliza, "Walimujua wapi?"

Kazi ilinitesa. Nilipounganisha vipande vyote, majina yaliyokuwa mazima yakaharibika. Niliacha, nikarudi, nikakuita kwa sauti kama mujinga. Yule muzee akanionyesha kwamba barua moja inaweza kuwa na vipande vya maandishi mbalimbali, Kifaransa hapa, Kiarabu pale; visivyofanana haviunganishwi. Basi, vinavyofuatana na kufanana, unganisha; vingine, viache. Mistari ile ni mifupi, Yaya. Ungeiandika ukitafuna muhindi. Kwangu ilichukua msimu muzima wa maharage.

Siku walipokubali, niliiweka mu ordinatere yetu, nikarudisha sanduku lote la wasiojulikana ndani ya programu. Majina yakaanza kutokea kwenye ekra, kile kioo cha ordinatere. Désiré. Aimée. Thérèse. Mazima, na herufi zao zote. Nikacheka, nikageuka kukuonyesha.

Thérèse alikuwa wa Itebero. Barua yake ilitoka kwa mwanawe Bahati, anayebeba mizigo kule Rubaya. Nilikataa kumupa mutu mwingine aipeleke. Nilipanda pikipiki mupaka kwenye daraja lililovunjika, kisha miguu, mu matope ya pori. Nikamukuta kwenye shamba la mihogo, kichwa kimenyolewa. Walikuwa wamekwisha kukaa kilio cha Bahati. Habari zilifika kwamba kilima kilianguka juu ya wachimbaji, na yeye alikuwa kule. Nikamusomea: "Mama, niko muzima. Kilima kilianguka lakini sikukuwa ndani. Usilie. Nikipata njia nitarudi." Hakupiga kelele. Alikaa chini katikati ya mihogo akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Soma pahali anasema yuko muzima."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi. Lakini wakati majirani wanakuja wakiimba, nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa wivu. Nitakuambia jambo ambalo sijaambia muntu: siku ile sanduku lilipofunguka, nilitafuta na jina lako. Nilikushika mukono ukipoa, nilijua, na bado niliandika Riziki, nikangojea programu itafute.

Mama wa Bahati akanifuata pale nyuma. "Unalilia nani, binti yangu?" Nikamuambia ni yaya wangu, ni yeye alianza kazi iliyoleta barua hii. Akanipa ndizi za kuchoma, akaniombea, akanisindikiza mupaka mutoni.

Juma lililopita Thérèse alifika hapa kwetu. Kutoka Itebero, Yaya, kwa ile miguu yake! Na mukungu wa ndizi juu ya kichwa. Unajua Mama namna alivyokuwa: tangu tukuzike hakutoka kwenye lupango, uwanja wetu wa nyumba, hakuenda misa, alijibu watu kwa kichwa tu. Mama wa Bahati aliingia bila kungoja karibu, akakaa chini kwenye mukeka pembeni yake, akasema, "Mama Riziki, mimi nililia mutoto muzima. Wewe mutoto wako njo alinipatia wangu. Nimekuja tumulie pamoja." Na Mama, aliyekuwa mukavu tangu kwenye ule mutelemuko, akalia. Walilia mupaka jua likageuka. Kisha Mama akaosha uso, akauliza kama kuko sombe, yale majani ya mihogo ya kupika, maana mugeni ametoka mbali.

Bahati hajafika bado. Njia ya Rubaya haijafunguka. Mama yake anangojea, na sasa anajua anayemungojea.

Yule muzee wa mbali ameniandikia tena. Kuko kosa lingine mu maktaba ileile, linalokula mustari wa mwisho wa barua zingine. Ameuliza kama ningependa kulitazama. Nimemuambia ndiyo, na usinicheke.

Nasikia Mama ameamka. Anatafuta kitenge yake ya misa. Amesema kesho atatoka, twende wote. Nakuahidi, Yaya, nitamushika mukono kwenye utelezi wote, na tukitoka kanisani tutapita kwako, kwenye kaburi, nimuache akae pale muda anaotaka. Pumzika sasa.

Mama niko naye.

Mudogo wako,
Sifa