Kikohozi Nyuma ya Tangi

Fundi Athman, mzee wangu,

Assalamu alaykum huko uliko. Sijui kama salamu za karatasi hufika kaburini, lakini nina swali na sina mwingine wa kumuuliza. Juzi kiwandani, ulikuwa wewe?

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Kiti chako cha karakana amekikalia paka, na hakuna anayethubutu kumfukuza. Tumeletewa meneja mpya ambaye hutaka kila kazi iishe kabla haijaanza. Mimi nimepewa zamu yako na spana zako, na msaidizi wangu ni Katana wa Kaloleni, yule baba mapacha uliyependa kumtania.

Juzi tulitumwa kuifungua ile valvu kubwa ya bomba la mafuta ya kupikia yanayopashwa moto, ile inayozungushwa na upepo wa presha kwa amri ya kompyuta. Ilikuwa ikivuja, na meli iko gatini Kilindini yangoja kushusha. Simu za meneja hazikunipa nafasi hata ya kumeza mate. Tulizima pampu, nikatia kufuli langu kwenye swichi, tukakata upepo, tukakiteremsha kwa cheni kile kichwa cha juu kinachoizungusha. Geji ya huku ilisoma sufuri, ya kule sufuri. Nikajiona fundi.

Nikasahau tumbo. Ulinifundisha mwenyewe kwamba valvu ikifungwa, ile gololi kubwa ya chuma iliyomo ndani huzuia mafuta ya pande zote mbili, lakini mengine hubaki yamezibwa katikati, kwenye kifuko chake, pamoja na presha yake. "Izungushe nusu kwanza, mwanangu," ulikuwa ukisema. "Geji yasema ya bombani. Ya tumboni haiyajui." Miaka yote nimeizungusha nusu bila hata kufikiri. Juzi sikuizungusha.

Katana akapiga magoti, uso karibu kabisa na maungio, akaitia spana kwenye nati ya kwanza. Chini ya tangi, valvu ilipo, mna giza hata mchana, kwa hiyo nilimmulikia, tochi nimeiuma kwa meno, mikono yangu yote miwili iko kwenye cheni iliyoishika valvu.

Ndipo ukakohoa.

Nyuma ya tangi, pale ulipozoea kusimama mikono mgongoni. Kikohozi kifupi, kikavu, kinachopanda mwishoni. Hukuwa ukimpigia kelele mtu aliyeshika spana, ulisema atashtuka aumie. Ulikohoa tu, nasi tukajua tumekosea. Pampu zilikuwa zimezimwa, mzee. Hapakuwa na sauti nyingine yoyote mle ndani.

Katana akaiachia spana ikaanguka. "Fundi," akaninong'oneza, "ni wewe ulokohoa?" Nikamwonyesha tochi mdomoni.

Tulikwenda kuangalia, tumeshikana mikono kama watoto, sioni haya kukwambia. Sakafu nyuma ya tangi ilikuwa imetoka kuoshwa, bado ina maji, na haikuwa na alama ya mguu.

Tuliporudi ndipo nikakumbuka. Nikamsogeza Katana mbali, nikalishika shina la valvu kwa spana ndefu, nikaizungusha nusu. Ikanguruma ndani, na mafuta ya moto yakafyatuka kwenye koki ya kumwagia tuliyoiacha wazi bombani, yakapiga ukuta, yakatoa moshi. Katana alitazama ukuta, akajishika uso, akaketi chini. Ingekuwa ameilegeza ile nati, mafuta yale yote yangekuwa yake.

Kazi tuliimaliza. Tuliitoa gololi kwa kitambaa safi isije ikakwaruzika, tukabadilisha zile bangili mbili nyeupe zinazoikumbatia, maana zilikuwa zimeliwa. Nilipokuwa nikiifuta nilikumbuka siku wanao waliponiita nisaidie kukuosha. Nililipangusa koo lako kwa mkono wangu huu. Lilikuwa baridi. Najua maiti hakohoi, na nikimwendea imamu na habari hii atanifukuza. Basi koo lililokohoa juzi lilikuwa la nani?

Jana nilikwenda Kibokoni kwa Bi Zuhura. Mkeo bado yumo edani, kwa hiyo nilikaa ukumbini, yeye nyuma ya pazia na dada yake. Nilidhani nampelekea faraja, kwamba mumewe angali anatuchunga. Nikasimulia yote mpaka mwisho. Pazia halikutikisika.

Kisha akasema, "Kwangu hajakohoa hata siku moja. Na mimi hapa kutwa kucha natega sikio."

Nilitoka pale nikalia njia nzima mpaka Majengo, watu wakinitazama.

Sasa naagana nawe, mzee wangu. Nakuahidi kila valvu nitaizungusha nusu kwanza, meli ingoje isingoje. Katana nimemfundisha, naye atamfundisha atakayekuja. Usisimame tena nyuma ya lile tangi. Tulikuchosha ulipokuwa hai, na bado tunakuchosha. Nakupenda, na nitakuombea kila Ijumaa.

Lakini kama umebakiwa na kikohozi kimoja, kisiwe chetu. Pitia Kibokoni, usimame mlangoni, ukohoe mara moja tu. Bi Zuhura yuko macho.

Mwanafunzi wako,
Saidi