Umesema Miguu Yangu ni Baridi

Rutamba,
Lindi.
9 Novemba 1994.

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa umenizidi umri, basi. Natumaini huko Uingereza wifi na watoto hawajambo. Sisi huku miili ni mizima. Mama anauliza kama ulifika salama; mimi sikuuliza.

Uliondoka kesho yake tu baada ya wakwe kuleta mahari, kwa hiyo hujui umetuachia nini. Sasa ujue.

Siku ile ya mahari nilikuambia wewe peke yako kwamba naogopa. Gregori alitaka tukishafunga ndoa niache kazi ya zahanati, nikakae kwenye duka lake Lindi mjini. Nilitaka ushauri wa kaka mkubwa. Ukatoka na bia yako, ukakaa karibu na Gregori, ukamwambia kwa Kiingereza, huku unacheka, eti nina "cold feet".

Kiingereza cha Gregori ni cha kununulia mitumba. Alishika maneno mawili tu, miguu na baridi, akayafikisha kwao. Wiki iliyofuata shangazi yake, Fortunata, alikuja hapa, akanikalisha mkekani mbele ya majirani na kunipapasa nyayo.

"Mwenzetu ana maradhi gani mnayotuficha?"

Mama alilia. Siku nyingi hakwenda sokoni.

Gregori ndipo akamuuliza Mwalimu Valentini. Akaelezwa kwamba Waingereza hapo hawasemi ugonjwa. Wanamsema mtu aliyekwisha kukubali jambo, kisha siku inapokaribia anaingiwa na woga, anasita.

Akaja kwangu. Hakufoka.

"Benadetha, ni kweli unasita?"

Nikamjibu ni kweli, nikamweleza na habari ya zahanati.

"Kazi ungebaki nayo," akasema. "Mbona hukuniambia mimi? Nimeambiwa na mtu anayenicheka, nami nikacheka naye, sielewi kitu."

Hilo ndilo lililomshinda. Posa imevunjika. Mwezi huu ameposa kwingine, kijiji cha Sudi.

Sasa nisikilize, msomi. Anayesita hajakataa. Woga wangu ulikuwa wa kuisha kwa mazungumzo yangu na yeye, tukikaa wawili. Pale mkutanoni wewe peke yako ulijua maana ya maneno yale, na ukayatoa kwa kuchekesha, kana kwamba nimeshakataa. Nilikuwa naogopa duka, kaka. Gregori nilikuwa namtaka. Namtaka hata leo.

Mama anakusalimu, pia Emerensiana na baba mdogo Stefano. Nisalimie wifi Agnes. Watoto Mungu awakuze, awape ndimi za kutunza siri ya mtu.

Ukiwa na neno la kujitetea, mwandikie Mama. Anakusamehe kila kitu. Mimi usiniandikie.

Ni mimi niliyekuwa nikikupenda,
Benadetha