Sanduku la Umeme Linalobebeka

Kibondo,
21 Juni 2015.

Mpendwa dada Niyonkuru,

Salamu nyingi zikufikie huko Kasulu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa. Sisi hapa tu wazima. Immakulata anakusalimu, mtoto ameanza kutambaa, na mama anashukuru kwa kitenge. Nguvu za miguu yake bado hazijarudi. Kutoka kitandani hadi uani tunamshika huku na huku.

Uliniuliza kwa simu kama nimeshanunua sanduku la umeme, nikakujibu kwa kifupi kwamba ndiyo. Leo nakuandikia kwa kirefu, maana yapo ambayo sikuweza kuyasema saluni ikiwa imejaa watu.

Dukani kwa Nurudini yalikuwepo mawili. Moja kubwa, lenye magurudumu, betri na inveta humo ndani. Umeme ukikatika linaendesha mashine mbili za kunyolea na televisheni kutwa nzima. Hilo ndilo tulilokubaliana mimi na Immakulata. La pili dogo kama dumu la lita kumi, lina mpini wa kushikia. Linachaji simu, linawasha taa mbili na redio, basi. Ukichomeka mashine ya kunyolea linalia kidogo, halafu linazima.

Nilinunua dogo.

Siku ile mabasi ya wakimbizi yalisimama karibu na soko kabla ya kuelekea kambini. Mwanamume mmoja akaja saluni kuchaji simu, anaongea Kirundi kilekile cha mama. Alisema alikuwa seremala mwenye karakana, ameacha kila kitu kwa sababu vyote vilikuwa vizito. Mteja wangu mmoja, ninayemnyoa kila wiki, akasema, “Nsabimana, ndugu zako hao wamekuja kukuchukua.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nikazima mashine, nikaiweka chini. Unakumbuka mwaka juzi, wakati wa msako wa wahamiaji, nilivyokuwa natembea na hati ya uraia hata nikienda kuoga. Hati ninayo, ila moyo haukutulia.

Jioni nikaenda dukani. Nililiinua lile kubwa, sikufika nalo mlangoni. Nikaliweka dogo begani, nikatembea nalo hadi msikitini na kurudi bila kupumzika. Nurudini akaniuliza, “Bwana wee, unanunua betri au unapima mkungu wa ndizi?” Nyumbani nikamwambia Immakulata makubwa yamekwisha.

Nikafunga begi pia: hati, nguo za mtoto, sufuria, redio. Nikalificha stoo. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, nilikuwa nahesabu: mimi na sanduku na begi, Immakulata na mtoto mgongoni.

Jumanne Immakulata alipita dukani kuuliza makubwa yataletwa lini. Nurudini akamwonyesha lilipo, palepale. Aliporudi akafungua stoo, akalikuta begi. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa juu ya gunia la maharage, akaniambia nimweleze tutakavyoondoka. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, “Na mama anabebwa na nani?”

Dada, hapa naomba univumilie. Wiki tatu nzima nilipanga safari ile, nikahesabu hadi kibiriti, na mama sikumhesabu. Mama aliyevuka mpaka mwaka sabini na mbili, wewe mgongoni, mimi tumboni. Wala sikukusudia kumwacha. Hakuwemo tu kichwani mwangu.

Kesho yake nikarudisha dogo nikachukua kubwa, likaletwa kwa mkokoteni. Kazi inaendelea hata umeme ukikatika. Begi tumelifungua, na nimemwahidi Immakulata kwamba lije lijalo, tutakaa na mama humuhumu. Mama hajui lolote. Anashangaa tu kwa nini siku hizi namnawisha miguu mwenyewe, tena simtazami usoni. Tafadhali usimwambie.

Mabasi bado yanapita na bado nashtuka. Lakini sasa, dada, najiogopa mimi mwenyewe. Njoo kabla shule hazijafunguliwa, ukae naye hata siku chache, nami nikuone.

Wabusu watoto. Mwambie shemeji maharage yake nitayatuma na basi la Alhamisi. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Nsabimana