Wamemuua Mama Ukutani

Swee Hoon, shika simu! Hutaamini.

Nimeingia kwenye ile hoteli mpya, pale palipokuwa mkahawa wetu wa tambi kabla kaka Beng hajauuza. Nilitaka kahawa tu. Kuinua macho, namwona mama ukutani! Mama yangu mzazi na kikaango chake, picha kubwa kama sinia.

Chini wameandika: "Bibi yetu mwanzilishi, aliyefariki kabla ya vita."

Kabla ya vita! Nimemwacha nyumbani sasa hivi anakunywa uji na kuwasema majirani.

Nikamuuliza meneja, "Huyu ni nani?"

"Bibi yake tajiri wetu, dada. Ndiye aliyeanzisha hapa."

"Huyo ni mama yangu."

Tabasamu likamkauka. "Labda wamefanana." Wamefanana! Hadi kovu la mafuta shavuni?

Nikampigia Beng hapohapo. Nilisema tu, "Kaka, kuna picha hotelini." Akadakia, "Ile ya mama na kikaango? Si walisema wataiweka ghorofani?"

Hoon, sikuwa nimemwambia ni picha gani. Sikuwa nimemwambia!

Akaanza, "Sikiliza mdogo wangu, wageni wanapenda mambo ya kale..." Nikakata simu. Nikapanda kiti, nikaitungua picha mbele ya watu wote. Meneja akapiga kelele, "Dada, hiyo mali ya hoteli!" Nikamwambia, "Basi njoo nyumbani umuulize mwenyewe kama ni mali yenu."

Niko kwenye teksi, picha mapajani. Beng anapiga tena na tena, sipokei. Mama akiniuliza ni nani aliyempeleka pale, nimjibuje?