Sifuri Nilizojaza Mwenyewe

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo wodini. Hujambo? Unakula vizuri? Mimi mzima wa mwili, ila naandika kwa haraka nimesimama hapa getini, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mama anakusalimu sana.

Ni yeye aliyeniambia jana kwamba umo kati ya watu kumi na wawili watakaomeza dawa yetu kwa mara ya kwanza kesho asubuhi. Anasema ulijitolea kwa majivuno, ukawaambia dawa ya dada yako haiwezi kukudhuru. Tangu hapo nahangaika kukufikia. Simu mmenyang'anywa, ya ofisi ya hapo wodini inaita tu bila kupokelewa, na mlinzi wa getini hataki kunisikia. Muuguzi mmoja kakubali kukuletea barua hii.

Kazi yangu unaijua, maana mnanitania kila siku kwamba napika dawa bila sufuria. Tunaifundisha kompyuta kwa majedwali ya maelfu ya kemikali, ipi inatibu na ipi inaharibu ini, kisha inatutajia mpya. Hiyo dawa mtakayomeza iliitaja ya kwanza kabisa, ikasema ni salama. Tulishangilia kama watoto.

Sasa sikiliza. Katika majedwali hayo, safu ya madhara kwa ini ilikuwa na visanduku vitupu, na mashine haikubali utupu. Kwa ile haraka yangu isiyo na baraka, nikavijaza sifuri. Kwetu sifuri maana yake haina sumu. Kumbe kemikali zile hazikuwahi kupimwa, na ndizo zinazofanana mno na dawa yenu.

Niligundua wiki mbili zilizopita. Nilipomweleza profesa anayetusimamia alisema panya wa maabara waliivumilia, tusubiri tuone. Nami nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Naona aibu, mdogo wangu. Nilipodhani ni watoto wa watu wengine tu watakaoimeza nilifunga mdomo, nimeufungua baada ya kusikia ni wewe.

Usimeze. Wala usitoroke peke yako. Wasomee wenzako kumi na mmoja barua hii kwa sauti, yote, hata palipo na aibu yangu, kisha mkabidhi daktari wa zamu. Akisema ni uvumi, mwambie aliyezijaza sifuri yuko getini, aje aniulize.

Wasalimie wote. Siondoki hapa mpaka nikuone.

Ni mimi dada yako,
mtafiti wa dawa hiyo